Kapseret: Ukingo wa Mto ni wa Nani?

Mtu atokaye Eldoret akishika njia ya Kapsabet hupita Langas, kisha hufika nchi iliyo wazi, yenye mashamba ya mahindi, maboma ya ng'ombe wa maziwa, na mikaratusi iliyopandwa kwa mistari mirefu. Hiyo ndiyo Kapseret. Wageni waijua kwa uwanja wa ndege uliofunguliwa mwaka 1997. Wenyeji waijua zaidi kwa msitu wake wa Serikali na kwa vijito vyake, ambavyo vingi havina sifa yo yote wala havionekani katika ramani ndogo za shule, lakini ndivyo vinywavyo na watu na mifugo siku zote.

Mto mkubwa wa sehemu hizi ni Sosiani, na jina la Eldoret lenyewe latokana nao. Wamasai waliuita eldore, yaani mto wa mawe; na mwaka 1912, mji ulipokuwa bado posta na maduka machache katika shamba nambari 64, jina hilo likachukuliwa na kuongezwa herufi moja mwishoni kwa matamshi ya Kinandi. Mto waanza juu ya mji, upande wa msitu wa Kaptagat. Vijito vya Ellegirini na Endoroto hukutana hapo lilipo bwawa la Two Rivers, ambalo hunywesha sehemu ya mji. Kisha Sosiani hupita katikati ya Eldoret, mawe yake yakionekana wazi wakati wa kiangazi, hupita Huruma na Kipkenyo, huelekea Turbo, na mwisho huungana na Mto Kipkaren. Kipkaren huingia Nzoia, nao Nzoia huingia Ziwa Victoria katika nchi ya Budalangi. Eldoret ipo kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na ziwa lipo mita 1,134. Maji yashukayo karibu mita elfu moja katika safari yake hayaendi mikono mitupu. Kila yanachokuta kimelegea huchukua.

Kwa hiyo Kapseret ipo katikati ya njia, na hali hiyo ina taabu yake. Watu wa Kipkenyo wanapoona takataka za mji zikielea mtoni hulalamika juu ya walio juu yao, na malalamiko hayo ni ya haki, kwa kuwa mji umekua upesi kuliko mifereji yake. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1999 Uasin Gishu nzima ilikuwa na watu 622,705. Mwaka 2009 walikuwa 894,179. Na mwaka 2019 wakafika 1,163,186. Tarehe 15 Agosti, 2024, Eldoret ilipewa hadhi ya jiji. Walakini mtu wa Kapseret anayemlaumu mtu wa mjini naye yuko juu ya mtu mwingine. Udongo utokao shambani mwake mwezi wa Aprili haurudi tena. Hupita Turbo, hupita Webuye, na hatimaye hukaa chini ya Nzoia huko Budalangi, ambako mto hupungua mwendo na kutua mzigo wake. Watu wa Budalangi wanaishi nyuma ya kuta za udongo zilizojengwa kuzuia mafuriko. Kuta hizo zilivunjika mwaka 2003, zikavunjika tena mwaka 2008, na tena mwaka 2020, na kila mara maelfu ya watu walihama nyumba zao. Haiwezi kusemwa kwamba ni udongo wa Kapseret peke yake uliofanya hivyo, kwa maana Nzoia ina matawi mengi. Lakini kila tawi lina sehemu yake katika mzigo ule.

Udongo hutokaje? Jambo hili lafaa kuelezwa kwa urefu, kwa sababu wengi hudhani kwamba mvua ndiyo yenye kosa. Uasin Gishu ni nchi ya mahindi. Mashamba hulimwa kwa trekta kuanzia Januari hadi Machi ili mbegu iwe chini mvua ya masika inapoanza. Basi ile mvua ya kwanza, ambayo aghalabu ndiyo kali, hukuta ardhi imepinduliwa, haina jani wala mzizi wa kuishika. Tena mwenye trekta hulipwa kwa eka, na kila anapogeuza hupoteza wakati na mafuta. Kwa hiyo hupenda mstari mrefu. Ikiwa shamba ni jembamba na limekatwa kutoka barabarani kushuka hadi mtoni, kama yalivyo mengi siku hizi, mstari mrefu ni ule unaoteremka. Kila mfereji wa plau huwa njia ya maji ya moja kwa moja kutoka kilimani hadi kijitoni. Mkulima amelipa fedha yake ili achimbiwe mifereji ya kupeleka udongo na mbolea yake kwa watu wengine. Na mbolea hiyo, ikifika ziwani, hulisha gugumaji, mmea ule ulioziba bandari ya Kisumu katika miaka ya 1990.

Mashamba hayakuwa membamba hivi tangu zamani. Wakati wa walowezi shamba moja lilikuwa la mamia ya eka, na kuizunguka Eldoret kampuni ya kutengeneza dawa ya ngozi ilikuwa na misitu mikubwa ya miwati. Baada ya Uhuru mashamba mengi yalinunuliwa na vyama na makampuni ya wananchi, kila mtu akachanga alichoweza, kisha yakagawanywa. Misitu ya miwati nayo iliuzwa vipande vipande karibu na mwaka 2000. Wagawaji walitaka kila mwanachama apate barabara upande mmoja na maji upande wa pili, na nia yao ilikuwa njema. Lakini kwa kufanya hivyo mto uliokuwa na jirani mmoja ukapata majirani mia, na kila mmoja wao ana cheti cha ardhi ambacho, kwa macho yake, chafika hadi majini. Tangu hapo wengi wa wale mia wamegawia watoto wao.

Hapa ndipo penye ugomvi. Kanuni za kilimo za mwaka 1965 zilimkataza mtu kuharibu mimea iliyo katika mita 2 kutoka kijito, na kama kijito ni kipana zaidi, basi kwa kadiri ya upana wake, isipite mita 30. Kanuni za usafi wa maji za mwaka 2006 zilitaja mita 6 hadi 30, zikipimwa kutoka alama ya juu kabisa ya mafuriko. Kanuni za maji za mwaka 2007 nazo zilitaja mita 6 hadi 30, ila zikapima kutoka ukingo wa mto. Mkulima aliyehudhuria baraza tatu katika miaka hiyo aliweza kurudi nyumbani na vipimo vitatu, kila kimoja kimetoka katika kinywa cha ofisa wa Serikali. Si ajabu kama alilima mpaka majini akingoja maofisa wapatane kwanza.

Amri peke yake, hata zikipatana, hazikupata kuponya mto katika nchi hii. Wazee wakumbuka habari za makingamaji yaliyochimbwa kwa lazima chini ya machifu. Huko Murang'a, wilaya iliyoitwa wakati huo Fort Hall, wanawake waliandamana hadi bomani mwaka 1948 wakikataa kuendelea na kazi hiyo, maana wao ndio waliobeba majembe. Ukambani, mwaka 1938, watu waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu kupinga ng'ombe wao kuchukuliwa kwa kisingizio cha kuokoa ardhi. Lakini Ukambani huohuo ulikuja kuwa mfano kwa nchi nyingine. Kuanzia miaka ya 1950 kazi ya makingamaji ilipewa vikundi vya mwethya, ambavyo watu waliviunda wenyewe na kuvichagulia viongozi wao wenyewe, wengi wao wanawake. Na namna ya kuchimba iitwayo fanya juu, ambayo udongo hutupwa upande wa juu wa mfereji, ikaenea kilima hadi kilima. Kati ya mwaka 1932 na 1990 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko wa udongo ukapungua. Milima ilikuwa ileile na mvua haba zilezile. Kilichobadilika ni yule aliyesema, na kwa faida ya nani.

Sheria ya maji ya mwaka 2002 ilichukua funzo hilo, na ile ya mwaka 2016 ikaliweka wazi zaidi: watu watumiao mto mmoja waweza kuunda chama cha watumiaji maji, kushirikiana na Mamlaka ya Maji katika kuutunza, na kusuluhisha magomvi yao wenyewe. Vyama vya namna hii vilikuwako hata kabla ya sheria. Katika miaka ya 1990, chini ya Mlima Kenya na katika Laikipia, mito ilikuwa ikikauka kabla ya kufika kwa watu wa chini kwa sababu walio juu waliyatoa maji yote kwa mabomba. Watu wakaanza kukutana na kupanga zamu. Katiba ya mwaka 2010 nayo yaitaka Serikali ishirikishe wananchi katika kulinda mazingira, na yaiagiza kuhakikisha kwamba angalau asilimia 10 ya nchi imefunikwa na miti.

Kazi ya chama si ngumu kueleza. Watu wa kijito kimoja, kutoka chemchemi mpaka kiungapo na kingine, hukutana, huandikisha chama chao, huchagua halmashauri, kisha hutembea kwa miguu kijito chote. Kutembea huku ndiyo sehemu ya maana kuliko zote. Huandikwa kila chemchemi, kila kinamasi kilichokauka, kila bomba lililotegwa bila kibali, kila mahali ng'ombe wanaposhukia, kila pango la mchanga. Mwenye shamba la juu huona kwa mara ya kwanza udongo wake mwenyewe ukiwa umelala katika kisima cha mtu wa chini. Kutokana na safari hiyo hutengenezwa mpango wa bonde zima, na kwa mpango huo chama huweza kuomba msaada wa fedha katika mfuko wa maji wa Serikali. Chama kisicho na mpango hakina cha kuonyesha ila malalamiko.

Watu wa Kapseret hawahitaji kufundishwa mkutano. Kokwet, yaani baraza la majirani wakikaa chini ya mti na kuzungumza mpaka wapatane, ni desturi ya Wakalenjin tangu kale, na ndiko yalikoamuliwa mambo ya mipaka, malisho na njia za maji kabla ya kuja karatasi. Shida ya siku hizi ni kwamba majirani wa mto si wa ukoo mmoja wala lugha moja. Yuko aliyenunua kutoka mbali, yuko mpangaji wa msimu mmoja ambaye hatapanda mti asioukuta mwakani, na yuko mwenye ploti aliye Nairobi ambaye hajapata kuonekana. Kokwet ya mto hainabudi kuwaita wote hao, na hasa yule mpangaji, kwa maana ndiye mwenye kuita trekta.

Kisha vigingi hupigwa. Hapo ndipo moyo wa mkulima hujaribiwa, na haifai kumwambia kwamba hapotezi kitu. Yafaa kumpa hesabu. Eka moja ina mita za mraba 4,047. Tuseme upande wake wa mtoni una urefu wa mita 40. Akiacha mita 6, ameacha mita za mraba 240, yaani sehemu moja katika 17. Ikiwa eka yake hutoa magunia 20 ya mahindi, hupoteza gunia moja na kidogo. Hilo laweza kuvumilika. Lakini akiambiwa mita 30, ameacha mita za mraba 1,200, karibu theluthi ya shamba, na magunia 6. Mtu mwenye eka moja na watoto sita hawezi kukubali hivyo, na akikubali mbele ya ofisa, vigingi vitang'oka usiku. Vijito vingi vya Kapseret ni vyembamba, waweza kuvirukwa na kijana, na kwa kipimo cha mwaka 2007 vilistahili mita 6 tu. Kwa hiyo chama chenye busara huanza na mita 6 zilizokubaliwa na kila mtu pande zote mbili, kuliko mita 30 zilizoandikwa katika kitabu na kulimwa kila mwaka.

Tena ardhi ile iliyoachwa si lazima ikae bure. Kanuni za mwaka 2007 zilikataza kulima ukingoni, kufyeka miti ya asili, kujenga nyumba za kudumu, kumwaga taka, kuchimba udongo au mawe, na kupanda miti ya kigeni yenye kudhuru maji. Hazikumkataza mtu kukata majani. Mstari wa mabingobingo upande wa shamba hushika udongo ushukao na hukatwa mara nyingi kwa mwaka kwa ajili ya ng'ombe. Na katika nchi ya maziwa kama hii, mzigo wa majani wakati wa kiangazi una bei yake. Karibu na maji hupandwa mianzi, mikuyu, na miti mingine ya asili ambayo mizizi yake hushona ukingo. Akina mama hawatakosa kukumbusha habari za senetwet, kwa kuwa makaa yake ndiyo yanayotiwa katika vibuyu vya mursik, na mahali kichaka hicho kilipofyekwa huwabidi kwenda mbali kukitafuta.

Juu ya mikaratusi maneno ni mengi. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliamuru ing'olewe kando ya mito na chemchemi, kwa kuwa hunywa maji mengi. Amri hiyo ilipata sifa mjini kuliko mashambani. Mkaratusi ndio benki ya mkulima: hupandwa leo, na baada ya miaka michache huuzwa kuwa boriti au nguzo za stima, na fedha yake hulipa karo. Kumwambia mtu aikate ingali michanga ni kumwambia avunje benki kabla ya mwaka kwisha. Njia iliyo nyepesi zaidi ni kumwacha avune iliyopo itakapokomaa, kisha asiruhusu visiki kuchipua tena, na mikaratusi mipya aipande kilimani mbali na maji, ambako haina madhara makubwa kwa mto. Huchukua miaka, lakini mti uliokatwa kwa hiari ya mwenyewe haupandwi tena palepale.

Ng'ombe nao wana sehemu yao. Ng'ombe wa maziwa hunywa makumi ya lita kwa siku, na wakishuka wengi mahali pamoja kila jioni, kwato zao huvunja ukingo na kinyesi chao huingia majini ambamo mtu wa chini huteka ya kupikia. Birika moja la saruji lililojengwa juu kidogo ya mto, likapelekewa maji kwa bomba, laweza kuwatosha majirani kadhaa. Nacho kijito hupumzika. Kazi hii hufanyika upesi kuliko kupanda miti, na hata yule asiyependa vigingi huikubali.

Liko swali moja ambalo vyama bado havijalijibu vizuri. Gunia lile moja lililopotea, nani atalilipa? Huko Naivasha wakulima wa maua walio kando ya ziwa waliona kwamba maji yao hutoka kwa wakulima wadogo wa Turasha na Wanjohi katika milima ya Nyandarua. Tangu karibu na mwaka 2010 watumiaji wale wa chini, kupitia vyama vya watumiaji maji, walianza kuwapa wenzao wa juu hati za kununulia mbegu na pembejeo, ikiwa wameacha kulima ukingoni na wamepanda majani katika miteremko. Thamani yake kwa mwaka haikuwa kubwa, lakini mkulima alijua kwamba kazi yake imeonekana.

Kwa Kaptagat jambo kama hilo si gumu kulifikiria, kwa kuwa jiji la Eldoret lipo chini yake na kila nyumba yenye mita ya maji hulipa kila mwezi. Kwa Kapseret ni vigumu zaidi. Walio chini yake ni wakulima wenzake wa Turbo, na mbali zaidi ni wavuvi na wakulima wa Budalangi ambao hawana cha kulipa. Hivyo mita zile 6 hazina budi kumlipa mwenyewe hapo hapo alipo: kwa majani, kwa maziwa, kwa mbolea isiyokwenda Nzoia, na kwa plau iliyogeuzwa kufuata kilima badala ya kukishuka. Mwenye trekta hudai fedha zaidi kwa kugeuza mara nyingi. Chama kimoja kikimwita alime mashamba 20 yaliyopakana kwa mpigo, mstari wake waweza kuwa mrefu tena, safari hii ukikingama na mteremko, ukipita juu ya mipaka ya majirani. Lakini sharti wakubaliane kabla ya Januari.